Kabichi la Maji Chini ya Kufuli

Vijana wangu, mnapenda sana kunitumia picha. Simu inalia, nafungua, nakuta tangi la samaki limekaa juu ya kabati la televisheni, lina kifuniko cha kioo na taa inayowaka, na chini yake swali lile lile: "Bibi, tuweke mmea gani wa kuelea?" Kabla sijapata miwani, picha ya pili imeshaingia. Kabichi la maji, lile jani la kijani lililofunguka kama ua, mmelitoa mtoni kwa beseni. "Hili je? Si zuri?"

Ni zuri. Sasa litoeni.

Nitawaambia sababu, ila mnanijua, siendi moja kwa moja. Kazi hii ya matangi nimeifanya Jinja na Mbale tangu nilipotoka Senior Four, kidato cha nne, mpaka magoti yalipokataa kupanda ngazi za watu, na sikumbuki kitu hata kimoja nilichojifunza kwa njia fupi.

Nilianza kazi kwa sababu ya kuona haya. Msicheke. Nilikuwa msichana wa Mafubira ambaye hawezi kununua chumvi bila kuirudia sentensi kichwani njia nzima. Vita vilikuwa vimepita, shule zilikuwa zinajikusanya upya, nyumbani hakukuwa na uwezo wa kuniendeleza, na mama akaona kazi ya kuuza duka itaniua. Ndipo akanipeleka kwa Mzee Sefu, fundi vioo, aliyekuwa anakata madirisha mbele ya duka na kufuga samaki nyuma. Huko nyuma nilipapenda siku ile ile. Mteja akiingia, nasimama upande wa pili wa tangi, namwona kupitia maji, uso umepanuka na pua imekuwa kubwa, na mtu mwenye pua kama hiyo hata mimi niliweza kumsalimia.

Mzee Sefu ndiye aliyenifundisha kwamba samaki havuti hewa kutoka hewani kama sisi. Hewa lazima iingie kwanza majini, na mlango wake ni uso wa maji. Hilo liwekeni akilini, maana kila nitakachosema leo kinatoka hapo.

Zamani, yeye mwenyewe aliniambia, hakuna mtu Jinja aliyefunika tangi. Halafu vita vikafika. Mizinga ikalia, dari za mji mzima zikaanza kumwaga chokaa, na chokaa ikiingia majini samaki wanageuka tumbo juu. Mzee Sefu akavua vioo vya dirisha la chumba chake mwenyewe, vile vipande virefu vya kupangana, akavilaza juu ya matangi.

"Mimi naweza kulala na upepo," alisema. "Hawa hawawezi kulala na chokaa."

Vita vikaisha, vifuniko vikabaki. Watu walikuwa wamezoea kufunga vitu. Walifunga jiko, wakafunga kuku, na aliyekuwa na redio aliifunga pia. Ukimpelekea mtu tangi, swali lake la kwanza lilikuwa: kifuniko kiko wapi? Tukawa watu wa matangi yenye vifuniko, na hapo mmea wa kuelea ukageuka kuwa kazi ngumu, ingawa ilituchukua muda kujua.

Mfano wa kwanza wa kuchekesha ulitokea Kimaka, kwa mwanajeshi mmoja mwenye nyumba kubwa na mke mpole. Tuliweka juu ya maji vile vijani vidogo kama punje, vinavyoliwa na bata. Vinavumilia kifuniko, ni kweli. Joto na matone ya maji havivisumbui. Lakini vinazaana kama habari mbaya. Tuliporudi, maji hayakuonekana. Afande amesimama na fimbo yake kwapani.

"Binti, samaki yangu iko wapi?"

"Wako chini, afande."

"Chini wapi? Mimi naona shamba tu."

Nikaanza kuvichota kwa chujio la chai. Ukitoa konzi moja, vingine vinasogea kuziba pengo kana kwamba vimepigiwa filimbi. Afande akatazama, akatazama, mwisho akasema: "Hii majani ina nidhamu kuliko vijana yangu." Akacheka peke yake. Mkewe hakucheka, maana chujio lilikuwa lake.

Basi vijani vya bata, kama hamna mkono wa kuvipunguza kila wiki, viacheni mtoni.

Sasa kabichi. Mzee Sefu alilipenda kabichi la maji kama mtu anavyopenda shati la Idi. Alilichuma mwenyewe kando ya mto, akaliosha konokono, akaliweka katikati ya tangi na kurudi nyuma hatua kadhaa kulitazama. Dukani, tangi likiwa wazi karibu na dirisha, lilistawi. Kwenye nyumba za wateja, chini ya kifuniko, lilioza. Kila mara lilioza, na kila mara Mzee Sefu alikuwa na mtu wa kulaumu. Mteja hana mkono wa baraka. Maji ya bomba yana dawa. Mwanamke wa nyumba ile anakaanga sana vitunguu.

Mimi nilikuwa sisemi, kwa hiyo nilikuwa natazama. Kabichi hukaa juu ya maji na kusimamisha majani yake. Ukiweka kioo karibu, majani yanagusa kioo. Maji yanapanda kama mvuke, yanashika kioo, yanageuka matone, na matone yanadondoka katikati ya lile ua, pale pale lilipo changa. Jua halifiki, upepo hauingii kulikausha. Katikati panalainika, panakuwa kahawia, panaanza kunuka. Jani lililooza nalo linakula hewa ya majini. Na yale mazima yaliyobaki yameziba uso wa maji, na kioo kimeziba yale mazima. Mlango wenu mmoja mmeufunga mara mbili.

Siku moja nilithubutu. "Mzee, kabichi linaoza kwa sababu ya kifuniko."

"Linaoza kwa sababu wewe unaliangalia vibaya," akajibu, na akaendelea kukata kioo.

Hakunisikiliza mpaka ilipotokea habari ya Mbale, ambayo ndiyo niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo.

Mzee Sefu alikuwa na nkejje. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanawaita furu, wale samaki wadogo wa ziwani, dume ana rangi za kanga na jike ana rangi ya vumbi. Zamani wavuvi waliwamwaga kwa madebe. Halafu mbuta, yule samaki mkubwa, akajaa ziwani na kuwala, na aina ile ya Mzee Sefu, yenye mstari mwekundu chini ya jicho, ikaacha kuonekana kwenye nyavu. Alikuwa amewauliza wavuvi wote anaowajua. Walimletea wengine, si wale. Alibaki na wachache aliokuwa amewavusha vita chini ya vioo vya dirisha lake, wakafa kwa uzee mmoja mmoja, wakabaki dume na jike. Hao tu. Jike akifa kabla ya kuzaa, basi.

Na wakati huo huo mwenye jengo akaja kutengeneza paa, ambalo tangu vita lilikuwa na tundu. Mabati yanashuka, misumari inaanguka, matangi lazima yatoke. Ndipo akatokea Afande Okiror.

Afande Okiror alikuwa askari wa magereza, mtu wa kabila la Teso, mrefu, na sauti yake ilikuwa imezoea uwanja. Alikuja kununua vioo vya nyumba yake ya Nkoma, Mbale, akawaona nkejje, akasahau vioo. Wakapatana na Mzee Sefu: tangi na wale wawili waende Nkoma wakae kwake, na wakizaa, watoto wagawanywe. Mzee Sefu akalipamba tangi kwa kabichi bora kabisa, akafunga safari nao mwenyewe kwenye lori la pamba, akarudi akiwa na furaha kama mtu aliyeozesha binti.

Ambalo Mzee Sefu hakulifikiria ni majirani.

Ninyi mmekua na chanjo, hamjui. Kwetu, mtoto akitoka kwenye surua, bibi zetu walimpa nkejje aliyekaushwa. Aliyemkosa nkejje alikwenda kuomba kwa jirani, na jirani hakumnyima, maana kesho mtoto ni wake. Sasa fikiria mtaa wa Nkoma, watoto wamepona surua wamekonda, nkejje wamekuwa adimu sokoni, na askari wa magereza ana wawili wazima sebuleni, wanaogelea. Mke wa afande, Mama Sara, alinisimulia baadaye jinsi bibi wa nyumba ya pili, tuliyemwita Kukhu kama Wagisu wanavyomwita bibi, alivyokuja na mjukuu mgongoni, akainama mbele ya tangi kwa heshima zote.

"Mama Sara, hawa mnawanenepesha mpaka lini?"

"Hawa si wa kula, Kukhu. Ni wa kutazama."

"Kutazama?" Kukhu akamgeukia mjukuu wake. "Umesikia? Nkejje wa kutazama."

Kesho yake wakaja wengine wawili, na mmoja alikuwa amebeba kisu kabisa, kwa nia njema. Afande Okiror akaona ulinzi ni mdogo. Akawaagiza mafundi seremala wake kule gerezani wamtengenezee kifuniko cha mbao na kioo, kinachokaa juu ya tangi bila nafasi hata ya ukucha. Kazi safi mno. Akatia bawaba, akatia komeo, akatia kufuli. Ufunguo akauvaa kiunoni pamoja na funguo nyingine za serikali, akawa anawafungulia asubuhi na jioni, wakati wa chakula, kama wafungwa wake wote.

Habari zikatufikia kwa dereva wa lori. Mama Sara anasema samaki wanakaa juu, wanapiga midomo. Na yule jike amevimba koo na hali chakula kabisa.

Mzee Sefu akaangusha kisu cha kukatia kioo. "Amevimba koo? Hali? Amebeba!" Nkejje jike hubeba mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa hukaa humo humo mpaka wawe na nguvu, na muda wote huo mama hali. Mzee Sefu akanishika mabega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, halafu uso wake ukabadilika. Maana jike anayekosa hewa huwatema watoto kabla ya wakati, au huwameza.

Yeye mguu ulikuwa umevimba, kiatu kilikuwa hakiingii. Akanitazama mimi.

"Nenda kachume kabichi jipya, zuri. Lile la kule litakuwa limechoka. Panda lori."

"Mzee," nikasema, nikiwa natazama kidevu chake, maana macho siwezi, "nataka kuchukua na ile brashi."

Brashi ni jina nililoupa mimi mwenyewe. Ni mmea usio na mizizi, mrefu, una vijani vyembamba kuzunguka shina kama brashi ya kuoshea chupa za watoto. Unaelea, lakini unaelea ukiwa ndani ya maji, hausimamishi chochote nje. Matone yakidondoka, yanadondokea maji tu. Kando ya mto ulikuwa umejaa, na watu waliutupa kutoka kwenye nyavu zao wakitukana.

"Ile takataka?"

"Ndiyo, mzee."

"Chukua vyote viwili. Fanya utakavyo. Lakini yule jike akifa, usirudi kwenye tangi langu kuja kujifunza, maana nitakuwa sina cha kukufundishia."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

Nikapanda lori na dumu la maji lililokatwa mdomo, kabichi juu, brashi chini. Kwenye kizuizi cha barabarani, mwanajeshi kijana akatuteremsha. Njia ile ilikuwa na vizuizi vingi wakati huo, na kila kimoja kilikuwa na Kiswahili chake.

"Wewe, beba nini ndani ya hii?"

"Majani, afande."

"Majani ya nini?" Akatia mkono, akavuta brashi, ikatoka inadondosha maji mpaka kwenye buti zake. Akainusa. "Hii ni bangi ya maji?"

"Hapana, afande. Ni ya samaki. Kuna samaki ana watoto mdomoni, anakosa hewa, nampelekea."

Akachungulia ndani ya dumu. "Watoto iko wapi?"

"Mdomoni."

Akawaita wenzake. Nikalazimika kulirudia mbele ya watu wanne wenye bunduki, mimi ambaye nilishindwa kununua chumvi. Mmoja aliyekuwa anakula mhogo akasema mama yake naye alikuwa na watoto wengi lakini hakuwahi kuwaweka mdomoni. Wakacheka, nikacheka na mimi, kwa woga. Kisha yule kijana akatoa kabichi langu, akaligeuzageuza, akalipeleka kwenye beseni lao la kunawia, likaelea katikati, na kweli lilipapendezesha mahali pale pa magunia ya mchanga.

"Hii nzuri. Hii inabaki," akasema. "Hiyo takataka nenda nayo."

Ndivyo uchaguzi wa mmea ulivyoamuliwa. Mpaka leo watu wakiniuliza niliwezaje kumpinga Mzee Sefu, nasema nilisaidiwa na jeshi.

Boda boda ya baiskeli ikanifikisha Nkoma kabla ya saa za chakula. Mama Sara akanipokea mlangoni akiwa ameshika kichwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye tangi. Kioo cha kifuniko kilikuwa cheupe kwa mvuke, matone yananing'inia kila mahali. Kabichi limejaa kutoka ukuta hadi ukuta, kwa juu bado lina kijani kidogo, kwa chini limegeuka kamasi ya kahawia. Dume amesimama wima kwenye kona akivuta maji. Jike yuko kando yake, koo limejaa, na kila akifungua mdomo kidogo kupata maji, niliona kitu cheusi kidogo ndani, halafu anafunga. Nilijua ni jicho la mtoto.

"Fungua, mama."

"Ningefungua mimi?" akasema Mama Sara. "Ufunguo anao mwenye gereza."

"Umeme?"

"Umeme wa wapi, mwanangu? Ninyi wa Jinja ndio mnaoutengeneza pale bwawani, ninyi ndio mtuambie uko wapi."

Kwa hiyo hata pampu ya hewa ilikuwa imekaa kimya. Nikafikiria kuvunja kioo. Lakini vipande vingeanguka ndani. Nikatoka mbio.

Sikilizeni, mlango wa gereza si mahali pa mtu mwenye haya. Askari wa zamu akatoa kichwa kwenye kidirisha.

"Umekuja kumwona nani?"

"Afande Okiror."

"Una ndugu yako ndani?"

"Hapana. Nataka ufunguo."

"Ufunguo wa kumtoa nani?"

"Samaki," nikasema. "Tafadhali afande, anakufa."

Nadhani ni ile *anakufa* iliyomgusa, maana alicheka lakini alikwenda. Afande Okiror akaja akiwa amevaa kofia, sauti mbele yake. "Nani anasema samaki yangu inakufa? Mimi nimefunga vizuri!"

"Ndiyo, afande. Umefunga vizuri sana. Hata hewa haiwezi kuingia."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Akasimama. Akaweka mkono kiunoni, kwenye funguo. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote kuhakikisha hakuna kinachotoka, nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa kuna kitu kinachotakiwa kuingia. Hakunipa ufunguo. Alikuja nao mwenyewe, kwa hatua ndefu, mimi nyuma yake nikikimbia.

Alipofungua kifuniko, harufu ilitupiga wote. Mama Sara akafungua madirisha. Nikaweka mikono ndani na kuanza kutoa kabichi, polepole, nikilibeba kwa viganja kutoka chini ili kamasi isimwagike, maana ukilivuta tu linapasuka na uchafu wote unabaki majini. Nikachota maji ya chini kwa mpira, nikaongeza maji yaliyokuwa yamekaa kwenye pipa tangu jana yake, kidogo kidogo, kwa kikombe, kutoka juu, ili yaanguke na hewa. Afande mwenyewe akashika kikombe cha pili. Alimimina kwa uangalifu wa nesi. Dume akaanza kulala sawa. Jike akashuka nusu ya tangi, akasimama hapo, mdomo umefungwa.

Kisha nikaweka brashi. Kidogo tu, upande mmoja, nikaacha sehemu kubwa ya uso wa maji wazi.

Afande akainama. "Hii ndiyo umeleta kutoka Jinja?"

"Ndiyo, afande."

"Hii hata mbuzi inakataa."

"Haisimami nje ya maji, afande. Kioo hakiigusi, matone hayaiozeshi. Na watoto wakitoka watajificha humo."

"Ile ingine ilikuwa ua."

"Ile inataka jua na upepo. Hapa ndani hakuna."

Akakubali mmea. Kifuniko hakukubali kukiacha wazi. Kukhu alikuwa ameshasimama mlangoni na mjukuu mgongoni, akitazama kama samaki wameiva, na afande alimwona. Tukabishana, au tuseme yeye alibishana, mimi nilikuwa nasema "ndiyo, lakini". Aliyetatua ni Mama Sara. Akatoka uani akarudi na kipande cha wavu wa waya, ule wanaoanikia kahawa.

"Kahawa inapumua juu ya huu na kuku hawaili," akasema. "Toa kioo, weka huu, funga kufuli yako ulale."

Afande akautazama ule wavu, akausukuma kwa kidole kuona kama una nguvu. Kazi ikafanyika jioni ile ile. Kioo kimoja tulikibakisha upande wa brashi, na nikakiinua kidogo kwa gunzi la mahindi ili kiiname, matone yatiririke hadi pembeni. Na ninyi fanyeni hivyo hivyo: kifuniko kiiname, nafasi iwepo, uso wa maji usijae. Mmea wowote unaosimama nje ya maji, hata lile gugu la maua ya zambarau lililokuja kutujazia ziwa miaka ya baadaye, si wa tangi lililofunikwa. Nyumba moja hapa Jinja waliliweka gugu hilo. Ndani ya muda mfupi lilikuwa limeinua kifuniko lenyewe na kuchungulia sebule.

Nilikaa Nkoma nikingoja. Umeme ulikuja, ukaenda, ukasahau njia. Jike hakula. Alikonda mpaka kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili, lakini aliacha kupanda juu. Alihamia chini ya brashi, akageuza kichwa ukutani, akakaa. Afande kila akitoka kazini alinyata kwanza kwenye tangi, buti mkononi.

Halafu asubuhi moja Mama Sara akaniamsha. Koo la jike lilikuwa limenywea. Amesimama katikati ya maji, mwembamba, mdomo wazi, na ndani ya mdomo hakuna kitu. Tukatazama mchanga, tukatazama kona. Hakuna. Afande alikuwa amevaa sare tayari kwa gwaride, akauliza kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Amekula?"

Nilikuwa nafikiria barabara yote ya kurudi Jinja, na Mzee Sefu na mguu wake, akiwa amekaa mbele ya duka.

Kukhu alikuwa ameingia bila kupiga hodi, kama kawaida. Akasogeza uso kwenye kioo, mjukuu juu ya bega lake, na mtoto akanyoosha kidole na kukibandika juu, pale kwenye brashi. Tukadhani anataka majani. Kisha nikaona kijani kimoja kina jicho. Halafu kingine. Brashi yote ilikuwa inatazama. Walikuwa wadogo kama mbegu za nyanya, kila mmoja amejibanza kwenye kijani chake, wametulia.

Afande akaanza kuhesabu kwa kidole, kama alivyozoea. Wakasogea. Akaanza upya, wakasogea tena. "Hawa wananishinda," akasema. "Wanabadilisha mistari." Gwaride lilikuwa limeshaanza huko gerezani, na wote tulilijua hilo, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Kukhu hakutoa uso kwenye kioo. Mwisho akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuazima: "Hii moja ni mama." Na akakigonga kioo kidogo kwa ukucha, kumsalimia.

Watoto wakashtuka. Jike akageuka, akainua kichwa chini ya brashi na kufungua mdomo, na wote, kutoka kila jani, wakakimbilia ndani kama moshi unaorudi jikoni. Akafunga. Akabaki pale pale, mashavu yamejaa, anavuta maji.